Nearest Green: Mtumwa aliyemfundisha Jack Daniel kupika na kuonja wiski

Ukiingia kwenye baa za Mbeya mjini, Mafinga au Iringa, nyuma ya kaunta mara nyingi utaona chupa ya pembe nne yenye lebo nyeusi. Jina lililoandikwa juu yake ni la Mmarekani Jack Daniel, aliyefariki mwaka 1911. Wiski hiyo inauzwa karibu kila pembe ya dunia. Lakini kwa miaka mingi watu wachache sana, nje ya mji mdogo wa Lynchburg katika jimbo la Tennessee, walijua kwamba mwalimu wa Jack Daniel alikuwa mtu mweusi, tena mtumwa. Jina lake lilikuwa Nathan Green, na watu walimwita Nearest.

Katika makala haya tunasimulia maisha yake. Tuna sababu mbili za kufanya hivyo. Kwanza, wiski aliyoipika ilitokana na mahindi, zao ambalo wasikilizaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanalijua tangu kupanda hadi kukoboa. Pili, ujuzi wake mkubwa ulikuwa kukinusa kinywaji, kukionja na kukitolea hukumu. Kwetu pia ujuzi huo upo, na wenye nao ni wagema wa ulanzi na akina mama wapika komoni, watu ambao majina yao hayaandikwi popote.

Mtu asiyeandikwa jina

Nearest Green alizaliwa karibu mwaka 1820. Ukitafuta jina lake katika sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860, hulioni. Sababu ni kwamba sensa hizo ziliandika jina la mwenye watumwa, kisha chini yake zikaorodhesha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa. Jina la mtumwa mwenyewe halikuwekwa. Kwa serikali ya wakati ule, mtumwa alihesabiwa pamoja na mali ya bwana wake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya habari za Nearest imetufikia kwa njia ambayo Waafrika tunaijua vizuri: wazee waliwasimulia watoto, na watoto wakawasimulia wajukuu.

Alimilikiwa na kampuni iliyoitwa Landis & Green, ambayo ilimkodisha kwa watu wengine. Kukodisha watumwa ilikuwa biashara ya kawaida. Mtumwa alifanya kazi, aliyemkodi alilipa, na malipo yaliingia mfukoni mwa mmiliki. Mtumwa mwenye ufundi, kama vile uhunzi, useremala au upishi wa pombe kali, alikodishwa kwa bei ya juu kuliko mtumwa wa kulima tu. Kwa hiyo jinsi mikono ya Nearest ilivyozidi kuwa na ujuzi, ndivyo alivyozidi kumtajirisha mtu mwingine.

Aliyemkodi alikuwa Dan Call, mkulima na mwenye duka karibu na Lynchburg, ambaye pia alihubiri katika kanisa la Kilutheri. Shambani kwake Call alikuwa na mtambo wa kupika wiski, na mtu aliyeujua mtambo ule kuliko wote alikuwa Nearest.

Nearest alikuwa na mke, Harriet, na walipata watoto 11: wavulana 9 na wasichana 2. Watu wa Lynchburg walimkumbuka pia kwa kupiga fidla, chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde.

Hakuwa mtumwa pekee katika kazi hiyo. Rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alijenga kiwanda cha wiski katika shamba lake la Mount Vernon mwaka 1797. Msimamizi alikuwa Mskoti, lakini waliobeba kuni, kukoroga nafaka na kuangalia moto walikuwa watumwa. Mwaka 1799 kiwanda kile kilitoa lita zaidi ya 40,000. Hadithi ya wiski ya Marekani kwa muda mrefu ilisimuliwa kama hadithi ya wahamiaji kutoka Uskoti na Ireland. Waafrika waliokuwa jikoni waliachwa nje ya hadithi.

Mahindi, rai na shayiri

Ili kuelewa alichokijua Nearest, tueleze kwanza wiski ya Marekani inavyotengenezwa.

Mpika komoni wa Iringa au Mbeya hatapata shida kuelewa nusu ya kwanza ya kazi. Mahindi husagwa na kupikwa na maji hadi yawe kama uji. Uji ule hauwezi kuchacha vizuri peke yake, kwa sababu wanga wa mahindi lazima ugeuke kwanza kuwa sukari. Kwetu kazi hiyo hufanywa na kimea cha ulezi. Wamarekani hutumia kimea cha shayiri. Kisha huwekwa hamira, na baada ya siku chache sukari inakuwa kilevi. Hadi hapo ni pombe, haijawa wiski.

Nusu ya pili ni kuichemsha pombe ile katika chombo cha shaba kilichofunikwa. Kilevi hugeuka mvuke kabla ya maji. Mvuke unapita kwenye bomba linalopozwa, unageuka tena kuwa maji, na kinachodondoka ni pombe kali isiyo na rangi. Hiyo huwekwa ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni ambayo upande wa ndani yameunguzwa kwa moto. Humo hukaa miaka. Rangi ya kahawia ya wiski inatoka kwenye mti huo ulioungua, pamoja na harufu ya vanila na ladha ya sukari iliyoungua.

Aina inayojulikana zaidi ya wiski ya Marekani inaitwa Bourbon. Kwa sheria ya nchi hiyo, Bourbon lazima itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa, isiongezwe rangi wala ladha, na chupani isiwe chini ya asilimia 40 za kilevi. Wiski ya Tennessee, ambayo ndiyo aliyoipika Nearest, ni ndugu yake wa karibu. Nayo hutokana zaidi na mahindi.

Pamoja na mahindi na shayiri kuna nafaka ya tatu, nayo ndiyo inayoleta tofauti kubwa kati ya chupa moja na nyingine. Inaitwa rai. Ni jamaa ya ngano na huvumilia baridi na udongo hafifu. Mahindi huleta utamu, rai huleta ukali wa viungo: mtu akionja huhisi kitu kama pilipili manga, mdalasini au karafuu, na mwisho mkavu kinywani. Wiski ya Jack Daniel ina rai kidogo, kama asilimia 8, na ndiyo sababu ni tamu na laini. Bourbon nyingi zina rai asilimia 10 hadi 15. Nyingine zimepitisha 20, na chache zinafika 35. Hizo huitwa Bourbon za rai nyingi.

Mfano wa Bourbon ya rai nyingi ambayo bei yake ni ya chini ni ile iitwayo Old Grand-Dad, yenye rai kama asilimia 27. Jina lake, ambalo maana yake ni babu mzee, linamkumbuka Basil Hayden, mkulima Mkatoliki aliyehama kutoka Maryland kwenda Kentucky mwaka 1785 akiongoza familia za waumini wenzake. Mjukuu wake ndiye aliyeipa wiski jina hilo. Picha ya babu iko kwenye lebo hadi leo. Hayden alikuwa huru, na mjukuu wake aliweza kumweka babu yake kwenye chupa. Wajukuu wa Nearest walisubiri muda mrefu zaidi.

Kijana Jack anakuja

Jack Daniel alizaliwa karibu mwaka 1850, mtoto wa mwisho katika familia kubwa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga. Akiwa kijana mdogo aliondoka nyumbani, akaenda kufanya kazi kwa Dan Call. Kazi zake za kwanza zilikuwa za shambani na dukani, lakini kilichomvuta ni moshi uliokuwa ukitoka kwenye mtambo.

Call alimpeleka kwa Nearest ili afundishwe. Tulitazame jambo hili jinsi lilivyokuwa. Mwalimu alikuwa mtu mzima mwenye ufundi wa miaka mingi, lakini hakuwa na haki ya kumiliki hata chombo alichokitumia. Mwanafunzi alikuwa mtoto asiye na wazazi na asiye na mali, lakini alikuwa mweupe, na kwa sababu hiyo siku moja angeweza kuwa na kiwanda chenye jina lake. Wote wawili walilijua hilo. Hata hivyo kazi ilifundishwa, na ilifundishwa kikamilifu.

Sehemu moja ya mafundisho hayo ndiyo iliyoitofautisha wiski ya Lynchburg. Kabla ya kuingia kwenye pipa, pombe ilidondoshwa polepole, tone kwa tone, kupitia kwenye lundo nene la mkaa wa mti unaoitwa mepo, mti uleule ambao Wamarekani hugema utomvu wake mtamu. Mkaa hunasa ukakasi na harufu mbaya. Njia hiyo ilijulikana kwa jina la wilaya ya Lincoln, ambayo wakati huo Lynchburg ilikuwa ndani yake. Wapishi wengine wa eneo lile waliitumia pia. Wapo watafiti wanaoihusisha na desturi ya Afrika Magharibi ya kusafisha maji kwa mkaa, iliyovuka bahari pamoja na watumwa. Hata leo kiwandani Jack Daniel's mkaa huo hujazwa kimo cha kama mita tatu.

Ulimi ndio kipimo

Mpishi wa wiski wa miaka ya 1850 shambani alifanya kazi bila maabara. Alitegemea macho, pua na ulimi.

Kinachodondoka kwanza kwenye mtambo kina harufu kali inayochoma pua, na hakifai kunywewa. Kinachofuata katikati ndicho kizuri. Cha mwisho kinakuwa kizito, chenye harufu ya nafaka iliyooza. Hakuna kengele inayolia kumwambia mpishi sasa umefika katikati. Anayejua ni yule anayenusa na kuonja. Akikosea mapema, pombe inakuwa na sumu na ukakasi. Akichelewa, inanuka. Wapishi pia waliitikisa pombe ndani ya chupa na kutazama povu lake. Ukubwa wa mapovu na muda yaliokaa kabla ya kupasuka viliwasaidia kukadiria nguvu ya kilevi.

Waonjaji wa leo wana vifaa, lakini hukumu ya mwisho bado ni ya pua na ulimi. Tuchukue Bourbon ya rai nyingi ya bei nafuu, tuone inavyohukumiwa.

Kwanza lebo hufichwa. Mtu akishajua bei, ulimi wake huanza kudanganyika: chupa ya bei kubwa inaonekana tamu hata kabla ya kuonjwa. Kidogo kinamiminwa kwenye glasi. Mwonjaji anainusa akiwa ameacha mdomo wazi kidogo, ili mvuke wa kilevi usizibe pua. Anatafuta harufu ya mahindi, ya vanila, ya viungo. Akikuta harufu ya nafaka mbichi au ya rangi ya kupakia, hiyo ni dosari.

Kisha anaonja kiasi kidogo sana na kukizungusha mdomoni. Hapa kuna jambo ambalo mgeni hulichanganya. Kuna moto wa kilevi na kuna ukali wa rai. Moto wa kilevi hupiga mara moja, huchoma koo na kuondoka bila kuacha kitu. Ukali wa rai hupanda taratibu, hukaa pembeni mwa ulimi kama pilipili manga, na ukiisha huacha ladha. Wiski yenye ule wa kwanza tu ni kali bila kuwa nzuri. Baada ya hapo anaongeza matone machache ya maji. Wiski iliyopikwa vizuri hufunguka na kutoa harufu zaidi, na iliyopikwa vibaya huwa nyepesi kama maji ya kuoshea chombo. Mwisho anahesabu ladha imekaa muda gani kinywani. Mwonjaji wa kazi hamezi. Hutema, kwa sababu ana glasi nyingi za kuhukumu na mlevi hana hukumu.

Kwa kipimo hicho, Bourbon za rai nyingi za bei ya chini mara nyingi hupata alama nzuri. Wiski ya bei nafuu kwa kawaida haijakaa sana kwenye pipa, na wiski changa ya mahindi matupu huwa tamu bila kina. Rai inaipa tabia mapema. Haitakuwa laini kama wiski iliyokaa miaka 12, na mti wake unaweza kuwa mchungu kidogo, lakini mnywaji anapata kitu chenye sura yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei iko kwenye miaka ya pipa, umbo la chupa na matangazo. Ulimi haulipii matangazo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Uhuru na kazi yenye mshahara

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865, na utumwa ukapigwa marufuku nchini kote. Ilikuwa miaka 8 kabla ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873. Huku kwetu Iringa, ni miaka ambayo Munyigumba, baba yake Mkwawa, alikuwa akiziunganisha koo za Wahehe chini ya utawala mmoja.

Nearest alikuwa na umri wa miaka ya arobaini alipokuwa huru. Angeweza kuondoka, kama walivyofanya wengi. Alibaki Lynchburg na akaendelea na kazi aliyoijua, sasa kwa malipo. Dan Call baadaye alijitoa kwenye biashara ya wiski, kwani mke wake na waumini hawakupenda mhubiri awe mpika pombe. Jack Daniel akaichukua. Kampuni inautaja mwaka 1866 kuwa mwaka wa kuanzishwa kwake. Mpishi mkuu wa kwanza wa Jack Daniel, yaani mtu aliyeamua kipi kiende kwenye pipa na kipi kimwagwe, alikuwa Nearest Green.

Katika Marekani ya wakati ule, mtu mweusi kuwa juu ya kazi yenye uamuzi mkubwa namna hiyo halikuwa jambo dogo. Watoto wake George, Eli na Edde nao waliingia kwenye kazi hiyo, na kila kizazi cha ukoo wa Green kilichofuata kilikuwa na mtu kiwandani pale.

Kuna picha iliyopigwa karibu mwaka 1904. Jack Daniel ameketi katikati ya wafanyakazi wake, amevaa kofia. Mkono wake wa kulia ameketi mtu mweusi, na inaaminika ni George, mtoto wa Nearest. Wakati huo sheria za majimbo ya kusini ziliwatenganisha weusi na weupe kwenye mabehewa, shuleni na hotelini. Katika picha ile wameketi bega kwa bega.

Lakini picha haina maandishi ya kueleza yule ni nani. Jack Daniel hakuwa na mke wala mtoto, na biashara aliiacha kwa mpwa wake. Miaka ilipita. Matangazo yaliongezeka, watalii wakaja, na simulizi waliyopewa ilimtaja mhubiri Call kuwa ndiye mwalimu. Kitabu kimoja kuhusu maisha ya Jack Daniel kilichotoka mwaka 1967 kilimtaja Nearest mara nyingi, lakini wasomaji wake walikuwa wachache. Wazee wa Lynchburg walijua. Ukoo wa Green ulijua. Chupa haikusema.

Jina linarudi

Mwaka 2016 kampuni ya Jack Daniel's ilikuwa ikiadhimisha miaka 150. Mwaka huohuo gazeti la New York Times liliandika habari ya Nearest, na dunia ikashtuka. Mwandishi na mfanyabiashara mweusi wa Marekani, Fawn Weaver, aliisoma, akaenda Lynchburg, akakusanya nyaraka na kuketi na wazee wa ukoo. Mwaka 2017 kampuni ilimtambua rasmi Nearest Green kuwa mpishi wake mkuu wa kwanza. Mwaka huo Weaver alianzisha wiski mpya, Uncle Nearest, yaani Mjomba Nearest.

Mwaka 2019 kazi ya kuchagua na kuchanganya mapipa ya wiski hiyo alipewa Victoria Eady Butler, kilembwe wa Nearest. Kabla ya hapo hakuwa mtu wa viwanda vya pombe. Alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika vyombo vya kusimamia sheria. Kazi yake mpya ni ileile ya babu yake: anainusa, anaionja, na kusema hili linafaa, hili bado. Ni mwanamke wa kwanza mweusi nchini Marekani kushika wadhifa huo.

Tofauti kati yake na babu yake haiko kwenye ulimi. Yeye analipwa kwa hukumu yake, na jina lake linaandikwa.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini

Hebu sasa tuangalie kwetu. Msimu wa mvua, katika vijiji vya Iringa na Njombe, mwanzi mchanga hukatwa ncha na mbeta hutundikwa kukinga utomvu. Mgema hupita asubuhi na jioni. Ulanzi wa siku hiyo, ambao huitwa mtogwa, ni mtamu na hata watoto hupewa. Ukikaa huchachuka na kuwa mkali. Mgema mzuri akionja hujua umekaa muda gani, na mnunuzi mzoefu hujua kama umeongezwa maji. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Upande wa Mbeya, mama anayepika pombe ya ulezi au komoni huonja kila hatua: kimea kikiwa bado, uji ukipoa, pombe ikianza kuchemka. Watoto wengi wa mikoa hii wamesomeshwa kwa fedha ya kilabuni.

Huo ni ujuzi, sawa na ule wa Nearest. Unarithiwa kwa kutazama na kuonja, na hauandikwi. Bibi akifariki bila kumwonyesha mtu kipimo chake cha kimea, kipimo kinazikwa naye. Tunawashauri wasikilizaji wenye simu wafanye jambo rahisi: wawarekodi wazee wao wakieleza wanavyopika na wanavyopima, na mwanzo wa rekodi watajwe majina yao kamili. Ukoo wa Green ulihifadhi jina la Nearest kwa masimulizi tu, na kwa bahati yalidumu.

Tuseme pia wazi mahali ambapo ulimi hautoshi. Gongo hupikwa kwa njia inayofanana na wiski, lakini kuitengeneza na kuiuza ni kosa kwa sheria za Tanzania, na hatari yake ni ya kweli. Pombe kali ya mitaani inaweza kuwa na methanoli, ama kwa kupikwa vibaya, ama kwa kuchanganywa na spiriti ya viwandani. Methanoli inapofusha na kuua. Haina ladha ya kumwonya mnywaji. Kuiwasha moto na kutazama rangi ya mwali hakuthibitishi kwamba pombe ni salama. Mabomba yaliyounganishwa kwa risasi nayo huacha sumu ndani ya pombe. Mtu aliyekunywa akianza kuona ukungu, kutapika au kuumwa sana kichwa na tumbo, hata ikiwa ni saa nyingi baadaye, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri usingizi umtoe.

Kwa pombe kali ya chupa, iwe ya hapa nchini au ya kutoka nje, hukumu ya kwanza ianze kabla ya kuonja. Angalia kama kizibo hakijafunguliwa, na kama ipo stempu ya kodi ya kielektroniki. Unaweza kuihakiki kwa simu kupitia programu ya Mamlaka ya Mapato iitwayo Hakiki Stempu. Chupa yenye jina kubwa inayouzwa kwa bei ya kushangaza mara nyingi ina kitu kingine ndani. Bei nafuu kwa chupa halali si aibu, kama tulivyoona kwa Bourbon ya rai nyingi. Lakini bei ya chini kwa chupa isiyojulikana ilikotoka ni onyo.

Nearest Green alifariki kabla ya karne ya 20 kuingia, bila jina lake kuwa kwenye chupa hata moja. Aliacha watoto waliojua kazi, na mwanafunzi aliyelijua deni lake na kuendelea kuketi na watoto hao. Leo anayemimina wiski ya Lynchburg, Marekani au Mafinga, anakunywa mahindi yaliyopitishwa kwenye mkaa kama alivyofundisha Nearest. Na kabla ya kuisifu chupa, vizuri aulize ni nani aliyeionja kwanza.